Mlango Usiouliza

Usiku wa jana niliota programu niliyoiandikia zahanati ya mtaani kwetu imekuwa mlango. Mlangoni kasimama Sharti, ule mstari wangu wa "kama mgonjwa ni mzima, arudi nyumbani", kavaa buti za mgambo. Kifuani ana alama moja ya sawasawa, "=".

Mama yangu! Zilitakiwa mbili. Sisi waandika programu tunajua: mbili huuliza kama vitu viwili ni sawa, moja huamrisha viwe sawa.

Mzee mmoja anafika na magongo. Sharti hamuulizi kitu. "Wewe ni mzima," anasema, na kadi ya mzee inajiandika "mzima". Mguu umevimba vilevile. "Haya, nyumbani."

Anayefuata ni shangazi yangu, Bi Zamda. Wiki nzima zahanati inamrudisha nyumbani na kifua chake, na hakuna anayejua kwa nini. Sasa najua mimi, na roho inaniuma.

"Muulize kwanza, we baradhuli!" nampigia Sharti kelele.

"Nimuulize vipi? Umeniandika niamrishe," anajibu, bila hasira.

Mara zahanati ni ofisi yetu, foleni imekaa juu ya meza. Mwenzangu Chausiku anapiga pasi shati, anasema yale anayosema kila siku: "Ukiandika sharti, tanguliza kisichobadilika." Huwa namcheka. Nani anaandika "kama mzima ni mgonjwa huyu"? Sentensi inatembea kinyumenyume, kuisoma ni mateso.

Neno Mzima liko chini ya meza, linakula mhogo. "Niweke mbele," linasema. "Mgonjwa hubadilika, mimi sibadiliki. Huyo akijaribu kuniamrisha, nagoma."

Nalibeba. Zito kama jiwe la kusagia. Nalitua mbele ya shangazi.

Sharti anafungua kinywa aamrishe. Mzima linagoma kweli. Mlango unakwama, taa nyekundu zinawaka, hakuna anayerudishwa. Nachukua sindano, namshonea Sharti alama ya pili kifuani. Jasho linamtoka.

"Je," anaanza kwa taabu, "mzima ndiye huyu mama?"

"Mzima wapi, baba!" Shangazi analia. "Nakufa mimi!"

Nikaamka, simu inaita. Ni shangazi, sauti imemkauka kwa kukohoa.

"Mwanangu, niko zahanati. Mashine yao yenye programu yako imegoma asubuhi hii, basi nesi akainua macho, akaniuliza naumwa wapi. Kumbe mapafu yana maji! Wamenilaza. Niletee kanga, na uji usiwe na sukari nyingi."