Chupa ya Maji Safi

Walafi walikuwa hai mahali walipotakiwa kufa. Mtafiti aliinua chupa kwenye mwanga. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele: walikuwa wamezaana.

Walafi ni bakteria aliowaunda mwenyewe ili wale sumu moja tu, dawa ya wadudu iliyovuja kutoka ghala kuukuu, sumu isiyoshindwa na jua wala moto wa jikoni. Sumu ikiisha, nao wafe njaa. Ndiyo maana kila jaribio lilikuwa na chupa ya pili, ya maji safi, wafie humo. Maji hayo aliyateka kisimani kwa mama yake, ng'ambo ya mji, alikomwacha mwanawe alelewe na bibi.

"Humo wanakula nini?" aliuliza mkuu wa maabara nyuma yake.

"Sijui, bosi."

"Basi wamejifunza kula kingine. Umetufugia nyoka, mama. Washa tanuri, tuwachome."

"Niwajaribu kwanza kwenye maji ya betri, yale ya mvuke, hayana kitu ndani. Huenda kosa ni la maji haya."

"Ya kisima cha mama yako? Si ndiyo unayotusifia kila siku?"

"Ndiyo hayo. Nipe mpaka kesho."

Mkuu aliguna. "Kesho. Wakiwa hai, tanuri."

Mtafiti alikesha akimwomba Mungu kosa liwe la maji. Jasho la miaka yake yote lilikuwa ndani ya vijidudu vile, na mtu hachomi jasho lake hivihivi.

Asubuhi maji ya betri yalikuwa maangavu. Aliangalia kwenye darubini: Walafi wote chali.

"Umepona," mkuu alisema. "Kumbe wana adabu."

Mtafiti alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Kama Walafi hawakuwa na kosa, basi walikula kile kile walichoundiwa, na walikikuta kisimani. Ombi lake lilikuwa limejibiwa. Alimpigia mama yake simu.

"Mama, maji ya kisimani msiyanywe. Yana sumu. Mtoto ameyanywa?"

"Mjukuu wangu huyu hapa, anakunywa. Hofu ya nini, mwanangu? Mimi simpi maji mabichi, nayachemsha mpaka yatokote."

Kwenye simu alimsikia mwanawe akigonga kikombe mezani, anataka mengine.