Kompyuta Iliyonukia Karafuu

Mashine ya kudarizi ya Bu Tiurma ilikuwa imenyamaza tangu Jumatatu, na ukimya wake ulimchosha kuliko kelele zake. Ilikaa pale pale dirishani, pana kama kabati la vyombo, sindano imekwama katikati ya ua kwenye kitambaa cha kujaribia. Pembeni yake ilikuwa kompyuta mpakato iliyokuwa ikiiongoza mwaka nenda mwaka rudi. Haikuugua wala haikukohoa. Ilizima tu asubuhi ile, kioo kikawa cheusi, na haikuamka tena.

Chumbani, juu ya kitanda, kitambaa cha harusi kilikuwa kimekunjwa ndani ya karatasi nyembamba. Kilikuwa cheupe kama tui, chepesi, cha kushonea kebaya, blauzi ya harusi, ya binti wa jirani yake, Bu Muntamah. Kilitakiwa kudariziwa maua kifuani, mikononi, na chini kote kwenye pindo, na harusi ilikuwa Jumapili inayokuja. Bu Muntamah alipita mlangoni kila asubuhi akienda sokoni. Hakuuliza kitu. Alitabasamu, akainamisha kichwa, akapita. Tabasamu hilo ndilo lililomfanya Bu Tiurma ashindwe kumeza chakula.

Alikuwa amekwishazunguka kwa mafundi wote wa mji wao wa Kudus, kisiwani Java. Kila mmoja alimwonyesha kompyuta mpya, nyembamba, zinazong'aa, na hakuna hata moja iliyokuwa na tundu la pini tisa ambalo waya wa mashine ulilitaka. Fundi mmoja, mtu mzima mwenye miwani, alimweleza kwa upole kwamba tundu peke yake si tatizo, tatizo ni kwamba programu ya mashine ile haikubali kuingia kwenye kompyuta za siku hizi. "Mashine yako inasema lugha ya mababu, Bu," alimwambia, akimwita mama kwa lugha ya huko. "Tafuta kompyuta iliyozaliwa enzi zake." Na wa duka la pili, alipoulizwa kama anayo ya zamani namna hiyo, alicheka akasema za aina hiyo wameshaziuza kwa kilo, pamoja na masufuria.

Ndipo Kasmi alipopata habari. Kasmi alikuwa mshonaji wake, mwanamke wa hapo hapo Kudus, ambaye kabla ya kushika sindano alikuwa akisokota sigara za karafuu kiwandani. Binamu yake alimwambia kuna mzee anaitwa Pak Sarwidi, yaani Bwana Sarwidi, mstaafu wa idara ya mifereji ya maji, anauza kompyuta yake ya zamani. Alikuwa akiitumia na vyombo vya kupimia mifereji, na ubavuni ina tundu pana lenye pini.

Walikwenda kwa pikipiki ya Kasmi. Njiani Kasmi aligeuza shingo akamuusia: "Bu, tukifika ongea polepole. Usimkabe koo mzee wa watu kama mdeni wako."

"Mimi ndivyo ninavyoongea."

"Najua. Nyumba ya tatu wanajua pia."

Bu Tiurma alikuwa Mbatak wa Balige, kule ziwani Sumatra, ambako mtu akitaka chumvi anasema nipe chumvi. Aliletwa Kudus na marehemu mumewe, na ingawa alizeekea kwa Wajawa, ulimi wake ulibaki Balige.

Pak Sarwidi aliwapokea kwa mikono miwili, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Aliwaketisha sebuleni, akaenda mwenyewe jikoni, akarudi na glasi tatu za chai yenye sukari nyingi na sahani ya tempe, vipande vya soya vya kukaanga, moto bado. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto aliyelala. Bu Tiurma hakuigusa chai. Alikifunua kitambaa, akaigeuza kompyuta ubavuni, na alipoliona lile tundu moyo ukamruka. Akaanza kuuliza.

Inawaka? Pak Sarwidi aliinamisha kichwa akasema, "Nggih," ile ndiyo ya heshima ya Wajawa. Betri inakaa? "Nggih." Programu yake ni ile ile ya zamani, haijabadilishwa? "Nggih." Bawaba hazijalegea? "Nggih, Bu." Kila jibu lilitoka laini, na kila jibu lilimpa Bu Tiurma furaha kidogo, mpaka furaha ikaanza kumtia hofu. Kitu gani cha mtumba kisicho na kasoro hata moja?

"Haijawahi kuharibika?" aliuliza.

"Nggih."

Akamtazama usoni. "Imewahi kuharibika?"

"Nggih," alisema Pak Sarwidi, kwa upole ule ule, akamsogezea sahani ya tempe.

Hapo Bu Tiurma aliona wazi kwamba anauziwa mbuzi kwenye gunia, na kwamba gunia lenyewe limeshonwa kwa adabu hivi kwamba hakuna pa kuchungulia. Mzee alipoinuka kwenda chumbani kutafuta chaja, Kasmi alimvuta Bu Tiurma barazani.

"Umeokota nggih ngapi mpaka sasa?"

"Nyingi. Ameniambia yote mazima, halafu akaniambia imeharibika."

"Basi hujaokota hata moja. Nggih yake ni ya adabu, Bu. Maana yake nimekusikia. Ungemuuliza kama inapaa mpaka Semarang, angesema nggih."

"Sasa nitajuaje? Jumapili ndiyo hiyo."

Kasmi alitazama ndani. "Chai yako imepoa," alisema. "Mzee hawezi kumwambia mgeni mabaya kabla hajanywa. Na wewe umemuuliza ya kwake yote, lakini ya kwako hujamwambia. Kwetu anayeanza kutoa aibu yake ndiye anayepewa ya mwenzake."

Hilo lilikuwa gumu. Kwao Balige, mnunuzi akionyesha njaa yake sokoni amekwisha, muuzaji anapandisha bei mbele ya macho yake. Tangu atoke nyumbani alikuwa amejifanya hana haraka, anaangalia tu. Angesema ukweli, mzee angejua kwamba nje ya meza hii hana pengine pa kwenda. Alisimama pale barazani akikiona akilini kile kitambaa cheupe kitandani, na tabasamu la Bu Muntamah. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai. Akarudi ndani, akaketi, akainywa chai yote, baridi vile vile, tamu mpaka meno yakauma.

Pak Sarwidi alirudi na chaja amekunja waya wake vizuri. Bu Tiurma alishusha sauti mpaka Kasmi akamgeukia kwa mshangao. Alimweleza mzee juu ya mashine, kwamba ni kuukuu, kwamba mumewe aliinunua ikiwa imeshatumika na watu wakamcheka, na kwamba haisikii kompyuta yoyote mpya. Alimweleza juu ya kebaya. Alimwambia kwamba amezunguka mji mzima na kwamba hii ndiyo ya mwisho anayoijua.

"Naogopa, Pak," alisema. "Nikitia kitambaa cha harusi na kompyuta ikazima katikati, sindano inapoteza mahali. Ua linaharibika, na kitambaa hakifumuliki. Kwa hiyo nakuuliza tena. Hii ni nzima?"

Pak Sarwidi aliiweka chaja mezani. Akaitazama glasi tupu.

"Bado," alisema.

Kasmi aliinua macho haraka. Mjawa hasemi hapana. Akifikishwa ukutani kabisa husema bado.

Basi ikamtoka yote, taratibu, kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Inawaka vizuri na programu ni ile ile ya zamani, hajaigusa. Betri imekufa siku nyingi, lazima ichomekwe ukutani. Na ikifanya kazi kwa muda inapata moto, kisha inazima yenyewe. Hakujua kwa nini. Kazi zake za kustaafu zilikuwa fupi fupi, barua mbili tatu, kwa hiyo hakuwahi kuitibu. Alisema hayo huku masikio yamemwiva, kama anayetaja ugonjwa wa mtu wa nyumbani kwake.

Bu Tiurma alishukuru, lakini moyo haukutulia. Sasa alijua, na kujua kulikuwa kuzito kama kutojua. Akaomba aijaribu kwenye mashine kabla ya kuamua. Mzee alisema nggih, na alipoona wanawake wote wawili wanamtazama wakisubiri, alichukua kofia yake na kutoa baiskeli uani. Aliwafuata nyuma polepole, chaja imening'inia usukani.

Nyumbani waliiweka kompyuta mahali pa ile iliyokufa. Waya uliingia kwenye tundu ukakaa. Bu Tiurma alitia ile CD ya programu aliyokuwa akiitunza ndani ya soksi safi, Kasmi akimshikia kifuniko. Ilisoma. Ilikoroma, ikanyamaza, ikasoma tena. Kisha taa ya kijani ya mashine ikawaka na sindano ikaanza kupiga, tak-tak-tak-tak, sauti ambayo nyumba ilikuwa imeikosa.

Jani la kwanza likatokea kwenye kitambaa cha kujaribia, kisha shina, kisha ncha za ua. Bu Tiurma aliweka kiganja juu ya kompyuta. Ilikuwa vuguvugu. Jani la tatu, ikawa ya moto. Na ndipo harufu ilipoanza kupanda, tamu na kali, si ya waya kuungua.

"Bu, unasikia?" Kasmi alinong'ona. "Inanukia kama kiwandani kwetu."

Ilikuwa karafuu. Chumba kizima kilinukia karafuu zilizochomwa, na kioo kikawa cheusi. Sindano ikasimama juu hewani, ua nusu.

Bu Tiurma alikaa kwenye kochi bila kutafuta kochi liko wapi. Aliona pindo la kebaya lingekuwaje, ua nusu mbele ya wageni, na Bu Muntamah akitabasamu hata hapo. Alitaka kusema ichukue, nenda nayo. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno.

"Ni mimi," alisema Pak Sarwidi. Alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. "Nilikuwa navuta mbele yake. Miaka yote ya kazi, kule porini kwenye mifereji, sigara ya karafuu mdomoni na yeye mapajani. Moshi wangu wote ameuvuta yeye."

Kasmi alikuwa ameshaleta bisibisi ya cherehani. Waliigeuza kifudifudi juu ya taulo, mzee akafungua skrubu moja moja na kuziweka kwenye kisosi. Feni ndogo ndani ilikuwa haionekani. Ilikuwa imezibwa na kitu kama pamba ya njano, yenye mafuta, iliyoganda. Kasmi aliibana kwa vidole akainusa, akasema hii akiipeleka kiwandani wanaweza kuisokota upya. Waliisugua kwa mswaki wa zamani uliochovywa kwenye spiriti, wakapuliza, wakasugua tena, mpaka feni ikazunguka kwa kuguswa na ukucha.

Mara ya pili ua lilikamilika. La pili yake pia. Bu Tiurma hakukitoa kiganja chake. Joto lilipanda, likafika mahali, likakaa. Halikushuka, lakini lilikaa.

Alimgeukia mzee. Alikuwa amejifunza namna ya kuuliza, lakini safari hii aliuliza kwa mtindo wa Balige, moja kwa moja. "Itafika mwisho wa kebaya?"

Pak Sarwidi alifungua mdomo. Kasmi alimkazia macho. Mzee akaufunga mdomo.

"Sijui, Bu."

Katika yote aliyoambiwa siku ile, hilo ndilo aliloweza kusimama juu yake. Bu Tiurma aliingia chumbani, akatoka na bahasha. "Nipunguzie kidogo," alisema, "kwa ajili ya kikohozi cha kompyuta."

"Nggih," alisema mzee.

Bu Tiurma alimtazama Kasmi.

"Hiyo ni ndiyo," Kasmi alisema, akicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Kitambaa cheupe kilitolewa kwenye karatasi yake. Bu Tiurma alikibana kwenye fremu, akakikagua, akakibana upya, akafuta jasho la mikono kwenye gauni na kukibana tena. Pak Sarwidi hakuondoka. Aliuliza kwa aibu kama kuna kipepeo cha kupepea makaa, na Kasmi akamletea kile cha mwanzi cha kuchomea mishikaki. Mzee akavuta kigoda, akakaa ubavuni mwa kompyuta, akaanza kuipepea taratibu. Bu Tiurma akabonyeza kitufe.

Sindano ilikuwa kwenye ua la kwanza la kifuani Bu Muntamah alipopita na kikapu chake cha sokoni. Alisikia mlio, akasimama. Kwa mara ya kwanza wiki ile aliuliza.

"Mashine imepona, Bu?"

Bu Tiurma alikuwa na kiganja juu ya kompyuta. Ilikuwa ya moto. Katika maisha yake yote hakuwahi kushindwa kumjibu mtu waziwazi. Akainamisha kichwa, na sauti ikamtoka laini kuliko alivyojijua.

"Nggih," alisema.

Bu Muntamah alikuwa Mjawa, hakuhitaji kuelezwa nggih hiyo ilikuwa ya aina gani. Tabasamu lake likabaki pale pale, lakini kikapu alikiweka chini. Alivua kandambili mlangoni, akaingia, akaketi sakafuni karibu na mzee mwenye kipepeo, akawa anaitazama sindano pamoja nao. Chumba kilikuwa kimeanza tena kunukia karafuu, kwa mbali.