Shaba ya Mbuthia

Jumatatu moja ya mwaka wa sabini na nane, saa kumi na mbili asubuhi, Wacuka alisikia kikombe kikilia ting'! mezani kwao mtaani Maringo, Nairobi. Mikono ya mumewe, Mbuthia, ilikuwa imegeuka shaba kutoka vifundoni hadi kuchani. Vidole vilikunjika vizuri tu.

"Na Jumapili utambebaje mtoto na hiyo baridi?" Wacuka aliuliza. Binti yao Lydiah, mwenye mwezi mmoja, alikuwa abatizwe.

"Nitaipasha kwa jiko kwanza."

Mbuthia alifanya kazi Industrial Area, stoo ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi inayoshika moto upesi, katika kiwanda cha rangi. Mashine ya kuinulia mapipa ilitakiwa iwe na makucha ya shaba, maana chuma kikigonga chuma hutoa cheche, na thina haina mzaha. Ya shaba yaliibwa zamani. Nyapara Ochola akaweka ya chuma na kuyapaka manjano, kwa kuwa rangi ndiyo kitu kiwanda hakikupungukiwa. Mbuthia alishaona cheche mara mbili. Alishaomba shaba mara tatu. Aliogopa kufa, na alisema hivyo waziwazi.

Kazini asubuhi hiyo, Ochola aliigonga ile mikono kwa spana. Hakuna cheche.

"Sasa wewe Mbuthia, si ni shaba ulikuwa unalilia? Si umepata?"

Tangu hapo mapipa yote yakawa ya Mbuthia, ayainamishe na kuyaviringisha mwenyewe.

Alhamisi mkaguzi alikuja na sumaku. Iliganda kwenye makucha ya mashine, kwa! Ochola akakohoa, akamweleza kwamba siku hizi wanatumia yale mengine, akamwita Mbuthia. Sumaku iliteleza kwenye viganja vyake ikaanguka. Mkaguzi akasema kazi ni safi, akanywa chai, akaenda zake. Jumamosi asubuhi mikono ikapigwa namba za kampuni kwa rangi nyekundu.

Saa saba mchana, alipokuwa akitoka, Muasya, askari wa geti, alimsimamisha.

"Pole, Baba Lydiah. Kitu iko na namba ya kampuni haitoki hapa bila barua ya nyapara."

"Lakini hii ni mikono yangu."

"Hata mimi naona."

Ochola alikuwa ameshaenda nyumbani. Mbuthia akarudi stoo, akauzungusha mkono wa kushoto kifundoni kama skrubu, ukafunguka. Wa kulia alifunguliwa na Muasya, ambaye hakuwa mtu mbaya.

Jumapili mchungaji aliita baba amlete mtoto mbele. Mbuthia alisimama, mikono ya koti ikining'inia mitupu, na Wacuka ndiye aliyembeba Lydiah. Maji yalipomgusa, mtoto alilia. Mbuthia naye alilia kwa uchungu, na ikabidi mkewe ampanguse.

Jumatatu aliikuta mikono yake kwenye rafu. Pembeni, makucha ya mashine yalikuwa yamepakwa manjano upya, na rangi ilikuwa bado haijakauka.