Kikombe cha Maziwa Mezani

Sisi wamama sita tunafuga ng'ombe kando ya mto, nje ya Kolwezi, bila dawa za kiwandani wala chakula cha kununua. Kwa hiyo maziwa yetu yalisifiwa sokoni. Mgodi ulipoanza kumwaga maji yake mtoni, tuliomba serikali itupe malisho mengine. Miaka miwili tulijibiwa kwamba mto ni safi. Safi kwa nani?

Nilichoka. Siku ya mkutano katika ukumbi wa parokia, mbele ya wateja wetu wote, nilimpelekea mkubwa wa kilimo wa serikali, aliyetuandikia majibu yale, kikombe cha maziwa, kama tunavyompokea mgeni.

"Kunywa, tata," nilisema, nikimwita baba kwa heshima.

"Aksanti, mama. Nimeisha kula."

"Kunywa tu. Bang'ombe yetu banakunywaka mayi yenye uliandika ni safi."

Mtu mzima yule alikishika kikombe, akakirudisha mezani. Ukumbi mzima ulimwona. Kabla mkutano haujafungwa alitia sahihi barua ya kutupa malisho, tutakayohamia mvua ikiisha. Tulipiga vigelegele.

Kesho yake nilikaa sokoni mpaka mchana, ndoo imejaa. Mama Mushiya, mteja wangu wa miaka tisa, alipita na kopo la maziwa ya unga. Alinisalimia bila kuitazama ndoo.

Nyumbani nilijaza kikombe kilekile, nijionyeshe kwamba mimi siyo kama yule tata. Nilikishika muda mrefu.

Kisha nikakirudisha mezani.