Somo Moja, Waombaji Tisa

Mimi ni fundi wa friji, na nina hasira za karibu. Nasema mapema, mtu asije akadai sikumwambia. Mteja akiniuliza swali, namjibu. Akiliuliza tena, namjibu kwa sauti. Akilirudia mara ya tatu, mshona viatu wa kibanda cha jirani anazima redio yake, maana anajua burudani inakuja. Mtaani wananiita Gesi, na si kwa sababu ya gesi ninayojaza kwenye mafriji.

Sasa mtu wa namna hiyo akisema anataka kuwa mwalimu, watu si watacheka? Walicheka. Mke wangu peke yake hakucheka. Yeye ndiye anayejua kwamba kabla ya bisibisi na kompresa nilisoma fizikia chuo kikuu mpaka nikapata shahada, na kwamba kila nikipita nje ya shule nasimama kidogo, nasikiliza, halafu nasingizia kufunga kamba za viatu. Ajira ya ualimu niliikosa, ndoa ikaja, kodi ya nyumba haingoji mtu, nikashika ufundi. Miaka ikaenda zake.

Mwaka huu mke wangu akaniambia, "Mume wangu, ama sasa ama basi tena."

Hakuwa anatisha bure. Chuo kilicho upande wa pili wa mji kinatoa stashahada ya uzamili ya ualimu. Ni mwaka mmoja tu, ukimaliza unaingia darasani kihalali. Lakini masharti yao ya kujiunga yanabana. Uwe na shahada isiyopungua daraja la pili. Uwe umesoma masomo mawili yanayofundishwa shuleni. Watu wawili wanaokufahamu wakuandikie barua. Yote hayo niliyavuka. Tatizo lilikuwa sharti jingine: shahada yako isiwe imepita miaka kumi tangu uipate, la sivyo urudi chuo kikuu ukaanze upya. Yangu ilikuwa inatimiza miaka kumi mwaka huu huu. Nikikosa sasa, nimekosa jumla, nizeeke nikifunga kamba za viatu nje ya shule.

Halafu kulikuwa na somo la majaribio. Unapelekwa mbele ya darasa la watoto wa kweli, watahini wawili wanakaa nyuma, unafundisha nusu saa. Wanatazama kama unalijua somo, na zaidi wanatazama kama una subira. Mke wangu aliposoma hapo kwa sauti, mama mkwe, aliyekuwa akichambua maharage, alicheka mpaka ungo ukamtoka mikononi.

"Subira? Huyu?" akasema akifuta machozi. "Watoto wa watu watarudi kwao na homa!"

"Mama," nikasema, "mimi nikiwa kazini ni mtu mwingine."

"Ndiyo, baba. Kazini ndiyo mbaya zaidi. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Na hao watahini ndio wavuvi."

Mama mkwe hajibiwi. Lakini ilinichoma, tena ilinichoma kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Kumbe yeye mwenyewe hakulala akiliwaza. Kesho yake jioni nilimkuta amekaa sebuleni kwenye kigoda, madaftari ya zamani ya mke wangu mapajani, kilemba amekifunga upande kama mtoto aliyevalishwa haraka. "Haya, mwalimu," akasema, "mwanafunzi nimefika. Fundisha."

Mada walikuwa wameshatutangazia waombaji wote: kwa nini maji yakitukaukia mwilini tunasikia baridi. Kwa fundi wa friji hiyo si mada, hiyo ni zawadi. Friji nzima ni habari hiyo hiyo. Nikageuza mlango wa friji bovu kuwa ubao, nikaanza. Sijafika sentensi ya pili, mama mkwe akanyoosha kidole.

"Mwalimu, sijaelewa."

Nikarudia. Akatafuna karanga. Akaomba ruhusa kwenda nje, akarudi, akauliza nilikuwa nasema nini. Nikaeleza kwa mara ya nne, na yeye akanitazama kwa macho makavu, mdomo wazi, akasema tena, "Sijaelewa." Jamani! Yule mama alizaliwa kuwa mwanafunzi mkorofi, nafasi tu ndiyo alikosa utotoni. Nilikuwa natoka nje, nazunguka nyumba, ndipo narudi. Jioni ya kwanza nilizunguka mpaka majirani wakamuuliza mke wangu kama nimepoteza funguo.

"Subira huvuta heri, baba," mama mkwe ananiambia nikiingia.

"Na ngojangoja huumiza matumbo, mama," nasema moyoni, nashika chaki.

Ila taratibu nikaona jambo. Kila aliposema hajaelewa, nililazimika kutafuta njia mpya ya kueleza, na ile njia mpya mara nyingi ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Mpaka siku ya majaribio inafika, nilikuwa na mifano ya kutosha: spiriti na pamba, kitambaa kibichi, nguo ya kuogea, hata kipimajoto changu cha kazini nilikitia mfukoni. Mke wangu alininyooshea kola. Mama mkwe akaniambia niende na Mungu na nisiue mtoto wa mtu.

Tulikuwa waombaji tisa kwenye benchi la korido ya shule, mimi wa mwisho. Mmoja anaingia, nusu saa anatoka, mwingine anaingia. Wote walitoka wanatabasamu. Kijana mmoja mwenye tai akaniambia, "Ondoa shaka, kaka. Watoto wa humu ni moto. Wanajibu kila kitu." Nikafurahi, mjinga mimi.

Niliingia alasiri, mataya yakiniuma kwa kukaza meno. Watahini walikuwa nyuma: mama mmoja mwenye miwani, na mzee wa koti ambaye usingizi ulikuwa unamshinda. Darasa lilikuwa la kidato cha pili, limejaa. Nikasalimia, wakaitikia kwa uchovu. Nikafungua mkoba, nikatoa chupa ya spiriti. Sijasema neno. Watoto wote wakanyoosha mikono mbele, viganja chini, kama watu wanaosubiri chanjo.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

"Tunasubiri spiriti, mwalimu," akasema mmoja wa mbele. "Utatupaka, tutasikia baridi, utatuuliza kwa nini."

"Na ni kwa nini?"

Darasa zima likaimba, "Kwa sa-ba-bu ma-ji hu-chu-kua jo-to ya-na-po-ge-uka mvu-ke!"

Nikapigwa na butwaa. Ndipo nikaelewa kwa nini wenzangu walitoka wanatabasamu. Chuo kilitaka kutenda haki. Mwombaji yeyote asije akalalamika kwamba mwenzake alipewa mada rahisi au watoto werevu zaidi, kwa hiyo tulipewa mada moja na darasa moja, wote tisa, tangu asubuhi. Haki ilikuwa sawa kwa kila mtu isipokuwa watoto. Walikuwa wamepakwa spiriti mpaka mikono imepauka.

Nikajaribu kitambaa kibichi. "Kinapoza kwa sababu ma-ji hu-chu-kua..." Nikataja mtu anayetoka kuoga. "Hu-chu-kua jo-to!" Kila mlango niliogusa, wenzangu walishapita. Mtoto mmoja alikuwa anamalizia sentensi zangu kabla yangu, na kuzimalizia vizuri. Nikahisi ile hasira yangu inapanda, shingo inakaza, masikio yanawaka moto. Miaka kumi ya shahada, majuma ya kuzunguka nyumba, yote yanaishia kwenye wimbo! Mtoto wa mbele akamnong'oneza jirani yake, "Amekasirika." Nyuma, mama mwenye miwani akainua kichwa. Hata mzee wa koti akaamka.

"Ndiyo, nimekasirika," nikasema. "Lakini si na ninyi. Ninyi mmeonewa."

Na mimi sikuwa na nyumba ya kuzunguka. Nikaona dawati moja lililobaki tupu mstari wa mbele, nikalikalia. Magoti hayakuenea. Nikaweka chaki juu ya dawati, nikafungua mdomo kidogo, nikayafanya macho makavu, nikanyoosha kidole.

"Mwalimu," nikawaambia wote, "mimi sijaelewa."

Wakacheka. Mmoja akaimba ule wimbo, nikatikisa kichwa. Sijaelewa. Wakauimba wote. Sijaelewa. Nikaelekeza kidole darini, ambako feni ilikuwa inazunguka.

"Ile inatupoza, sivyo?"

"Ndiyooo!"

"Basi nikiiwasha kwenye chumba kitupu, nikafunga mlango, nikaenda zangu kutwa nzima. Nikirudi nitakikuta chumba kimepoa?"

"Ndiyooo!"

"Kwa nini?"

"Kwa sa-ba-bu ma-ji hu-chu-kua..."

"Maji gani?" nikauliza.

Wimbo ukakatika. Walitazamana. Chumba kitupu, maji yatoke wapi? Mmoja akasema ni upepo wenyewe ulio baridi. Mwingine akamwambia acha ujinga, upepo ni hewa hii hii unayopumua. Wa tatu akaapa kwamba kwao feni huachwa imewashwa ili chumba kipoe, na baba yake hawezi kukosea. Mimi nikawa nasema tu, "Sijaelewa," na kila nikisema wanapandisha sauti. Wavulana wawili walisimama juu ya madawati. Darasa likawa soko.

Msichana mmoja mrefu wa dirishani, ambaye hakuwa ameimba hata mara moja, akaja mbele akachukua chaki.

"Hakipoi," akasema.

"Kinapoa!" wakamzomea.

"Hakipoi! Feni haipozi chumba. Inamkausha mtu jasho. Joto linatoka kwa mtu, linaondoka na jasho. Chumba hakina jasho!" Akanigeukia mimi kwa ukali. "Umeelewa?"

Nikatamani kusimama nimpigie makofi. Badala yake nikasema, "Sijaelewa. Nitajuaje kama ni kweli?"

Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuzunguka nyumba. Kisha akaangalia mfuko wangu wa shati. "Hicho ni kipimajoto? Nipe. Tunakiweka chini ya feni kikavu. Kisha tunakifunga pamba yenye maji. Kama nasema uongo, vipimo vyote viwili vitakuwa sawa."

Nikampa. Darasa zima likamzunguka, wengine wamepanda viti kufikia feni, wengine wanapigania pamba. Na hapo hapo, kabla hata kipimajoto hakijasomwa, kengele ikalia.

Mama mwenye miwani aliniita nyuma. Hakuwa anatabasamu.

"Andalio lako la somo lina hatua tano," akasema. "Nimeona moja."

"Ndiyo, mama."

"Hukuhitimisha."

"Sikuhitimisha."

"Na muda mwingi umekaa kwenye dawati huku wanafunzi wamesimama juu ya viti."

"Kweli, mama."

"Ulikasirika?"

"Sana," nikasema. Kudanganya ningewezaje, darasa zima lilisikia.

Akamtazama mzee wa koti, mzee wa koti akatazama dari. Nikaambiwa niende, nitajulishwa. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na njiani nilijiambia kwa sauti maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza hakunitania hata kidogo. Aliniambia pole, akaninawisha mikono kama mtoto, akanipakulia. Nilikula nikilia. Mke wangu akasema vumbi la chaki lina kawaida ya kuingia machoni, na sote tukakubali.

Zikapita siku nyingi. Simu ilipolia nilikuwa kibandani, kichwa ndani ya friji la muuza maziwa, yeye mwenyewe amesimama nyuma yangu ameshika kiuno.

"Fundi wa friji?" sauti ya kike ikauliza.

"Kama ni habari ya friji lako, nimesema litakuwa tayari likiwa tayari!" nikafoka.

"Sina friji," sauti ikasema. "Ni idara ya udahili. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya darasa, mwenye miwani."

Nikagonga kichwa kwenye rafu. Mshona viatu akazima redio.

"Tulikuwa tumeshakukata," akaendelea. "Hatua tano, umefanya moja. Lakini mwalimu wa fizikia wa shule ile amekuja ofisini kwetu kulalamika. Anasema darasa limemshinda. Kila akiingia wanabishana habari za feni. Wamepima chumba chao, wamepima ofisi ya mwalimu mkuu, mzazi mmoja amekuja kuuliza nani anamfundisha mwanawe kumbishia baba yake. Nikamuuliza, na yale masomo mengine manane wanasemaje? Akasema hakuna anayeyakumbuka." Nikasikia akifunua karatasi. "Nafasi ni yako. Masomo yanaanza Jumatatu. Kuhitimisha tutakufundisha sisi, ndiyo kazi yetu."

Nilikaa juu ya kompresa iliyofunguliwa, nikaweka uso viganjani, mabega yanatikisika, na furaha ilinipiga kwa nguvu nisijue niiweke wapi.

"Fundi," muuza maziwa akasema kwa wasiwasi, "friji langu limekufa?"

"Halijafa, mama. Nimechaguliwa. Nakwenda kuwa mwalimu."

"Wewe?" Akamtazama mshona viatu, mshona viatu akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. "Haya, hongera. Lakini hili kwa nini halipozi? Nimekuuliza tangu asubuhi, umenijibu, sijaelewa."

Mshona viatu akasogeza kigoda chake karibu, asikose neno.

Nikafuta uso kwa kiganja, nikasogea pembeni nafasi ipatikane mbele ya mlango wa friji. "Njoo karibu, mama," nikasema. "Weka mkono hapa. Unasikia nini?"