Runinga Iliyozimwa

Ofisini walimwita Kamkasi. Bosi wake, mhariri mkuu wa filamu, alikuwa Mkasi tangu zamani, na kila Mkasi alipokaa kwenye kiti chake kilichobanduka ngozi, msichana naye alikuwa nyuma yake kwenye stuli, kama mtoto wa mgongoni. Alikuwa na diploma ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri, na hamu moja tu maishani: kuliona jina lake likipanda kwenye skrini mwishoni mwa filamu. Kwa sasa alifanya zile kazi ambazo hakuna anayezisifu. Alipokea picha kutoka kwa wapiga picha, akapatanisha sauti na midomo, akafuta vikohozi, akaficha nyuso za walioomba kufichwa, akachemsha chai.

Mkasi alikuwa bahili wa maneno, ila somo lake la kwanza hakulionea uvivu. Alimvalisha hedifoni, akampigia vipande viwili vya kimya, akamuuliza ni kipi kina mtu ndani. Kamkasi alidhani anachezewa shere. Kimya ni kimya. Mkasi akatikisa kichwa, akamwambia chumba kitupu kinalala, ila chenye mtu kinasubiri. Msichana alicheka kimoyomoyo. Lakini siku zilivyokwenda, masikio yalimfunguka, na ikafika mahali hata nyumbani kwao alikuwa akisimama mlangoni, anasikiliza, kisha anajua kama mama yake yupo au ametoka.

Ndipo ikaja filamu ya kiwanda cha rangi. Siri yake ilikuwa ya kunong'onezana: maji machafu ya kiwanda yalimwagwa kijitoni, na watu wa huko chini walikuwa wakibabuka ngozi. Mtayarishaji, mama mmoja mwenye haraka ya kudumu, alikuwa na picha za kijito na picha za ngozi, lakini hakuwa na mtu wa kusema kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye aliyemwaga. Madereva wa malori yaliyobeba maji hayo wote walimfungia milango. Dereva mmoja aliyewahi kulalamika kiwandani alipewa safari ya mbali, na mkewe mpaka leo anauliza safari hiyo inaishia wapi.

Kamkasi ndiye aliyesema, bila kuulizwa, kwamba yeye anamjua dereva.

Alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake kabisa, mtu wa lori la tangi na mizaha isiyo na breki. Huyu ndiye aliyemlipia ada, na ndiye aliyemnunulia kamera ya kwanza, akidai kuwa anataka apigwe picha akiwa bado na nywele. Alikubali shingo upande. Kijito kile alikwisha kukiota mara nyingi, na katika ndoto hizo maji yalikuwa yakimfuata.

"Uso wangu ataufunika nani?" aliuliza.

"Mimi, mjomba. Hautapita mkono mwingine."

"Haya. Maana kazini nimewaambia mpwa wangu anasomea ushonaji. Hawajui habari za kamera. Wakiuliza, wewe ni fundi cherehani, na suruali zangu zote ndiwe unayeziharibu."

Walipiga picha sebuleni kwake, asubuhi moja ya Jumapili. Mapazia yalishushwa, taa ikawekwa pembeni. Runinga ilikuwa ikiunguruma ukutani, kwa maana mjomba hakuweza kukaa nyumbani bila runinga. Mpiga picha alisema iachwe, sauti yake iko mbali. Kamkasi akakataa. Alitaka siku hiyo waone kuwa anajua kazi.

"Mjomba, zima runinga. Inatuchafulia sauti."

Mjomba akaizima huku akinung'unika kwamba runinga ya watu haijamkosea mtu. Kisha akakaa, akasema yote. Alisema jinsi mpira wa tangi unavyoshushwa kabla hapajakucha vizuri, na rangi inavyotawanyika majini. Alipofika kwa yule mwenzake wa safari ya mbali, alitua kikombe, akageuza kichwa kando, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Kamkasi aliifanya kazi yake kwa moyo wote. Aliuvika uso wa mjomba ukungu mzito, fremu baada ya fremu, sauti yake akaizamisha mpaka ikawa kama inatoka kisimani, na kovu la kidole gumba akalifuta. Mama mtu mwenyewe asingemtambua. Ijumaa filamu ilikamilika, na kwa taratibu za kituo nakala moja ilipelekwa kwa mawakili wa kiwanda, ili wapewe nafasi ya kujibu. Mkasi alimwonyesha majina ya mwisho. La Kamkasi lilikuwa pale, dogo, chini ya la Mkasi. Alilitazama mpaka macho yakamchoma.

Jumatatu asubuhi aliipeleka filamu kwenye chumba cha skrini kubwa, aikague mara ya mwisho. Ile skrini yake ya kazini ilikuwa kuukuu, kila chenye giza ikikionyesha kama shimo. Hii ilikuwa mpya, haikuficha kitu. Mjomba akatua kikombe. Akageuza kichwa kando. Na nyuma yake ukutani, ndani ya kioo cheusi cha runinga iliyozimwa, akageuka mtu mwingine, hana ukungu hata kidogo, ila uso mtupu wa mjomba wake, taa ikimmulika shavu.

Alirudisha filamu nyuma, akatazama tena, kana kwamba safari hii uso ungeona haya na kuondoka.

Mkasi alikuja, akatazama mara tatu. Kisha akavuta kiti. Kamkasi alisema anampigia mjomba sasa hivi. Mkasi akamzuia, kwa upole, na upole huo ndio uliomponza msichana. Alimwambia ni nukta ya kufumba na kufumbua, tena gizani. Alimwambia mtu akitishwa hutembea kama mkosaji, na wenzake wakamwona. Tena mtayarishaji akijua, filamu inasimama, na Kamkasi anajulikana mji mzima kama yule msichana aliyemuuza shahidi wake.

"Wakili hutazama filamu kwa masikio," Mkasi alisema. "Funika hiyo runinga, tusonge mbele."

Kamkasi alitazama simu, akatazama skrini, akafikiria lile jina dogo. Akaiweka simu mezani kifudifudi, akaifunika runinga ukungu. Kazi ikawa safi. Asubuhi nzima alijiambia kuwa ni safi.

Karibu na mchana mtayarishaji alipiga simu ya ofisini akiwa na furaha tele. Mawakili wameiona filamu, wala hawana ubishi mkubwa, alisema. Wana ombi dogo tu. Wanataka kipande cha sebuleni, peke yake, chenye ubora wa juu kabisa, wakakague sauti.

"Kipande chote?" Mkasi aliuliza.

Hapana, sio chote. Kuanzia shahidi anapotua kikombe mpaka anapojifuta uso.

Mkasi alirudisha mkono wa simu mahali pake polepole sana. Hapo mjomba hasemi kitu. Hapakuwa na sauti yoyote ya kukagua. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza Kamkasi alimwona bosi wake amezeeka.

Kamkasi alimpigia mjomba, akaiwasha spika. Mjomba alipokea upesi.

"Mjomba, uko wapi?"

"Kazini, mpwa wangu, niwe wapi tena? Na leo nimeokota dodo. Nimepewa safari ya mbali, na mimi hata sijawahi kulalamika. Wamenipa na mwenzangu mgeni wa kunisindikiza, eti nisisinzie. Ameshuka kidogo kuangalia matairi."

Mkasi alivuta kipaza sauti cha mezani, akakisogeza karibu na simu, akabonyeza kurekodi. Kwenye skrini mstari wa kijani ukaanza kutetemeka.

"Nisikilize, usiseme kitu," Kamkasi alisema. "Ile runinga tuliyoizima ilikuwa kama kioo. Uso wako ulionekana ndani yake, na mimi sikuuona. Wao wameuona."

Mjomba hakuuliza runinga gani. Injini ilikuwa ikinguruma taratibu. Mlango wa upande wa pili ulifunguliwa, mtu akapanda, kiti kikalia. Ndipo sauti ya mjomba ikaja, kubwa, yenye kero, sauti ya mteja aliyechoshwa na fundi.

"Sasa suruali umeshaiharibu ndiyo unanipigia? Mimi nipo geti la nyuma la kiwanda, ndani ya lori jeupe lenye mlango uliobonyea, naelekea barabara ya machimbo. Hiyo suruali nitaivaa huko nimwonyeshe nani?"

Kamkasi aliziba mdomo kwa kiganja. Mkasi alikuwa amekwisha kutoa simu yake mfukoni, ananong'ona na mtayarishaji atume watu. Geti la nyuma. Lori jeupe. Machimbo.

"Nani huyo?" sauti nyingine iliuliza ndani ya lori.

"Mpwa wangu. Fundi cherehani, hana akili hata moja."

"Aa," sauti ile ikajibu, bila haraka wala ubaya wowote. "Yule wa filamu."

Injini ikazimwa. Mstari wa kijani ukalala chali.

Mkasi aliinua macho, akauliza kwa ishara kama simu imekatwa. Kamkasi alivaa hedifoni, akazikandamiza masikioni kwa mikono yote miwili, akafumba macho. Hakukuwa na neno wala pumzi ya kusikika. Lakini kimya kile hakikulala.

"Haijakatwa," alisema. "Waambie wakimbie. Wapo wawili humo ndani, na wote wanasubiri."