Mkia wa Wimbo

Nyumbani kwetu Temeke kila mtu aliniambia nisubiri. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka na hayakuniletea neema, kazi hakuna, na baba mwenyewe, Mzee Nassibu, alikuwa amepunguzwa kazi kiwanda cha nguo, sasa anashinda barazani akitazama barabara. Subiri, Rukaiya. Kusubiri gani huko kusikokuwa na mwisho? Nilikuwa siwezi kukaa kitako. Nafagia uwanja ambao nimeshaufagia, natoka, narudi, mpaka mama akasema labda nimekalia siafu.

Kitu kimoja tu kilinituliza, na chenyewe hakikuwa na utulivu hata chembe. Kilikuwa kwenye kanda ya bibi.

Bibi Mwanakombo, mama yake baba, alirekodiwa kabla hajafa akituombea dua. Alitaja ukoo mzima, mmoja mmoja kwa jina, akajaza upande wa kwanza na karibu wote wa pili. Kila mwaka siku ya hitima yake kanda ile ilipigwa kabla ya pilau, na bibi akifika kwenye "Amin" ya mwisho mama huwahi kuizima, maana nyuma yake kuna makelele. Mwaka mmoja mama alikuwa na mikono ya mafuta, akachelewa. Nikayasikia hayo makelele. Gitaa la umeme, ngoma zinalikimbiza, mzungu anapasua koo, halafu basi, kanda imekwisha.

Maneno yake sikuambulia hata moja. Ila gitaa lile lilikuwa na hasira kama zangu, na halikumtaka radhi mtu. Lilipigwa kabla sijazaliwa, nami nikaona limepigwa kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo, mama akitoka tu naanika betri juani zipate nguvu, natia kanda kwenye redio, naipeleka mbele mbio mpaka mwisho. Majirani wakamwambia mama ana bahati, kajaliwa mtoto anayependa dua.

Lakini ule ulikuwa mkia tu. Wimbo ulianzia katikati, na mwanzo wake ukaninyima raha. Gitaa lilikasirishwa na nini? Nilimwuliza baba. Akasema hajui, akarudisha macho barabarani.

Mwaka wa tisini na mbili, asubuhi ya hitima, wanawake wakiwa wanachambua mchele, niliitia ile kanda kwenye pindo la khanga nikaenda Kinondoni kwa Kasiani, mrekodi kanda. Kibanda chake kilijaa santuri za zamani hadi darini.

"Shikamoo, mzee. Nautafuta wimbo ulio mwisho wa kanda hii."

"Marahaba." Akaipiga, akasikiliza kidogo tu, akacheka. "Roki hii, mwanangu. Enzi zake mie nilikuwaga na nywele mpaka hapa. Sie tuliucheza na suruali zetu za bugaluu. Siku hizi mnakuja nyie, watoto wa juzi, mnaulizia hizihizi. Mnazipendea nini?"

"Haziniambii nisubiri."

Akanitazama, kisha akachomoa santuri moja. "Wimbo wote umo humu. Kanda tupu zimeniishia, lete yako."

"Sina."

"Na santuri leo inaondoka, kuna braza wa Kawe kainunua." Akaigeuza kanda ya bibi. "Basi tuurekodi humuhumu. Atafutika huyo mama mwisho mwisho tu, dakika chache." Akanionyesha vitundu mgongoni mwa kanda. "Vidirisha vimevunjwa. Mtu akivivunja hivi hataki kanda yake ifutwe. Lakini dawa yake ndogo." Akakunja vipande vya karatasi, akavishindilia kwenye vile vitundu.

Nikasema sawa, upesi, kabla sijafikiri.

Akairudisha nyuma kidogo atafute pa kuanzia, akabonyeza asikilize. Sauti ya bibi ikajaa kibandani.

"Na Rukaiya, mjukuu wangu asiyetulia. Wanataka nimwombee utulivu. Mola wangu, mpe kwanza anachokitafuta."

Sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Siku za hitima wakati huo mie napitisha maji ya kunawa, na nikiwa peke yangu nilimruka bibi nifike kwenye gitaa. Kidole cha Kasiani kilikuwa tayari juu ya kitufe chekundu cha kurekodi. Nikamshika mkono.

"Basi, mzee. Nipe kanda yangu."

Nilifika nyumbani wageni wameshakaa mikekani na baba yuko mlangoni, amenyoosha mkono. Akaipokea kanda, akaigeuza, akaviona vile vipande vya karatasi. Vidirisha alivivunja yeye mwenyewe, hakuhitaji kuelezwa. Nikajua leo nimekwisha. Baba akavichokoa kwa ukucha, kimoja kimoja, akaenda kuitia kanda kwenye redio. Safari hii niliacha birika la maji, nikakaa nikamsikiliza bibi mpaka jina langu, na nikalia mbele za watu.

Jioni, wageni wamekwenda, nasugua masufuria uani, baba akaja na redio. Akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Ulifuta?"

"Sikufuta, baba."

"Mie nilifuta." Akaiweka redio miguuni. "Bibi yako aliniambia, nirekodi leo, kesho sina hakika nayo. Ndani hamkuwa na kanda nyingine ila hiyo ya muziki wangu, na niliipenda kuliko kitu. Akawa anaomba, nami namwangalia yeye, naangalia na kanda inavyokwenda. Naomba abakize. Akabakiza kidogo."

Nikaliacha sufuria.

"Unaanza hivi," akasema, akafumba macho.

Akauimba kwa Kiingereza chake cha kubabaisha, vidole vya mkono wa kushoto vikitafuta nyuzi hewani. Ulianza polepole mno. Hilo sikulitegemea. Kumbe hata gitaa lile lilisubiri, likasubiri, mpaka likachoka. Sauti ya baba ikapanda, mguu wake ukaanza kupiga chini, vumbi likatimka. Tangu atoke kiwandani sikuwahi kumwona anatikisika namna ile. Mama akatokeza mlango wa jiko, mwiko mkononi.

Baba akainua kidole kimoja, akabonyeza redio, na gitaa likaingia palepale alipoachia yeye.

Mama hakulizima.